Kongole kwa Wapambaji Keki wa Rebero

Siku za harusi, mlima wa Rebero wilayani Kicukiro hupokea misafara ya maharusi wanaofuata bustani zake na mandhari ya Kigali iliyotandaa chini. Wapiga picha husifiwa, washereheshaji hutuzwa. Leo nawapongeza wapambaji keki.

Chukua keki yenye michoro ya imigongo, sanaa ya Gisaka, mashariki mwa Rwanda. Nyekundu na nyeusi zake hazitaki mchezo: zikipauka kidogo tu, pambo zima limeharibika. Fundi anayejua kazi yake hamimini rangi ya maji, maana hulegeza krimu. Hutumia rangi nzito ya jeli, akaitia kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti. Nyeusi huianzia kwenye kakao. Nyekundu huianzia kwenye waridi. Kisha hufunika bakuli na kuiacha krimu ya siagi ilale hadi asubuhi, kwa kuwa rangi hukolea yenyewe kadiri saa zinavyopita. Asiye na subira huongeza rangi mpaka krimu inakuwa chungu na midomo ya wageni inabaki na madoa.

Fondanti nayo, kinyunya cha sukari cha kufunikia keki, hukandwa mpaka mabaka yote ya rangi yapotee, ikafungwa isikauke, ikawekwa mbali na jua linalofifisha zambarau na waridi.

Kazi hii aghalabu hufanywa usiku, wenye harusi wamelala. Kongole kwenu, mafundi. Nawe unayetarajia kuoa au kuolewa, agiza keki yako mapema. Rangi iliyokolea haitaki haraka.