Jedwali la "must = lazima" linatupotezea wapi?

Kila aliyepita kwenye somo la Kiingereza analikumbuka lile jedwali. Safu ya kushoto: can, may, must, should. Safu ya kulia: weza, huenda, lazima, paswa. Unakariri, unajaza nafasi zilizoachwa wazi, mada imeisha. Maana zilizoandikwa pale si za uongo. Tatizo ni kwamba jedwali linaficha swali zito kuliko yote kuhusu vitenzi hivi: ukiweka kikanushi, kinakanusha nini hasa?

Chukua tahadhari ya dawa ya mafua inayoleta usingizi: "You must not drive after taking this medicine." Mtu wa jedwali anaunganisha vipande: "must" ni lazima, "not" ni si, kwa hiyo "si lazima kuendesha gari baada ya kutumia dawa hii." Sentensi imetoka safi, Kiswahili chake hakina kasoro, na dereva anayeisoma anaona ameachiwa uamuzi. Kumbe ameambiwa ni marufuku.

Kosa liko kwenye mpangilio. Ulazima ni kitu kimoja, ukanushi ni kitu kingine, na vinaweza kupangwa kwa njia mbili. Ukikanusha ulazima unapata "si lazima uende", yaani usipoenda hakuna neno. Ukilazimisha kutokufanya unapata "lazima usiende", yaani ukienda umevunja amri. Wanamantiki wanahangaika na tofauti hii tangu enzi za Aristotle. Kwa maelezo yao ya leo, jambo la lazima ni kweli katika kila hali inayowezekana, na jambo linalowezekana ni kweli katika angalau hali moja. Ndiyo maana "si lazima uende" ni sawasawa na "unaweza usiende".

Sasa tazama Kiingereza. "Must not", "need not", "cannot", "may not": kikanushi kinakaa palepale kila mara, baada ya kitenzi kisaidizi. Kazi yake ndiyo inayohama. "Must not" ni lazima usifanye. "Need not" ni si lazima ufanye. "Cannot" ni huwezi kufanya. Na "may not" inacheza pande zote mbili: "Visitors may not enter" ni wageni hawaruhusiwi kuingia, lakini "The patient may not feel pain" ni huenda mgonjwa asihisi maumivu. Usitafute mantiki ya kina hapo, ni historia ya lugha tu. Kijerumani ni ndugu wa karibu wa Kiingereza, lakini "muss nicht" yake kwa kawaida humaanisha si lazima.

Hapa ndipo jedwali linapokera. Mwanafunzi anayezungumza Kiswahili tayari ana chombo cha kutenganisha maana hizi. Hachanganyi "huwezi kwenda" na "unaweza usiende", kwa sababu ukanushi anausikia mahali unapofanya kazi: kwenye kitenzi cha kwanza au cha pili. Jedwali linamnyang'anya chombo hicho na kumpa neno moja kwa neno moja.

Tusijisifu kupita kiasi lakini, maana na sisi tuna mtego wetu. "Hutakiwi kuingia" na "hupaswi kuingia" kwa umbo zinakanusha kutakiwa na kupaswa, ila kila mtu anajua zinakataza. Kwa hiyo aliyekariri "must = kutakiwa" atapatia tafsiri ya "must not" kwa bahati, na aliyekariri "must = lazima" ataikosa. Njia ya kufundisha inayotegemea bahati ya namna hii haifai, hata kama mtihani wa kujaza nafasi hauwezi kuigundua.

Kuna jambo la pili ambalo jedwali linalimeza. "He must pay" ni amri. "He must have paid" ni mtu anakisia kutokana na dalili, labda ameona risiti mezani. Mwaka 1977 mwanaisimu Angelika Kratzer alitetea wazo kwamba hatuhitaji "must" mbili kichwani: maana ya msingi ni moja, na muktadha ndio unaoonyesha tunapima kwa kigezo gani, sheria au ushahidi. Kiswahili kinafanana na wazo hilo vizuri ajabu. "Lazima alipe" ni wajibu, "lazima amelipa" ni kisio. Lazima ni ileile, kitenzi kinachofuata ndicho kinachotuambia tuko upande gani. Mfano huo ungemaliza nusu ya somo, lakini kwenye jedwali haupo.

Kwetu tunaoandika sayansi kwa Kiswahili, gharama yake inaonekana zaidi kwenye "may" na ndugu zake. Julai 2023 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliiweka aspartame kwenye kundi 2B, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Makundi ya IARC hupima nguvu ya ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Wakati huohuo kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliacha kiwango kinachokubalika kwa siku palepale, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Ukiandika "aspartame husababisha saratani", hiyo "hu-" imeifuta "huenda" nzima na umebadilisha matokeo. Ukiandika "inaweza kusababisha", umebaki njia panda: msomaji mmoja anasikia uwezo uliothibitishwa, mwingine anasikia shaka.

Hata wenye Kiingereza chao walilazimika kukaa chini na kukubaliana. Machi 1997 wahandisi wa intaneti walitoa hati iitwayo RFC 2119, iliyoandikwa na Scott Bradner, ya kueleza "MUST", "SHOULD", "MAY" na wenzao zinamaanisha nini kwenye viwango vya kiufundi. "MUST NOT" imo, "SHOULD NOT" imo. "MAY NOT" haimo kwenye orodha.

Mtetezi wa jedwali atasema darasa lina wanafunzi wengi, muda ni mfupi, na anayeanza anahitaji pa kushika. Sawa. Basi libaki, ila liongezewe safu mbili: moja ya sentensi yenye kikanushi, nyingine ya sentensi ya kukisia, zote zikiwa na Kiswahili kamili kando yake. "You must not go: ni marufuku uende." "You need not go: si lazima uende." "She must have gone: lazima ameenda." Ni mistari michache tu ubaoni. Halafu mtihani umuulize mwanafunzi swali moja ambalo kujaza nafasi hakuliulizi kamwe: baada ya kusoma sentensi hii, nikifanya hivi, nimevunja amri au sijavunja?