Sifa za Skripti Inayojua Kushindwa

Ukitoka Eldoret kwenda Kitale unapita Moi's Bridge, mji wa mahindi na maghala, ambao enzi za walowezi uliitwa Hoey's Bridge. Jina lile la kale na hili la sasa, yote mawili yana ritifaa na nafasi. Kwa mwandishi wa skripti za sheli, huo ni mtihani kamili.

Tuseme orodha ya wakulima imehifadhiwa kama Moi's Bridge.csv. Mwenye haraka ataandika rm $faili, na sheli itaona mafaili mawili: Moi's, na Bridge.csv. Kama jirani yake kuna Bridge.csv nyingine, hiyo ndiyo itakayofutwa. Akijaribu ls | xargs rm, xargs itagoma, kwa sababu ritifaa imefunguka na haikufungwa. Majina ya miji kama Soy na Turbo hupita salama, na ndiyo maana kosa hili hujificha muda mrefu. Dawa ni kuandika "$faili" ndani ya alama za kunukuu, na kuunganisha find -print0 na xargs -0, kwani baiti ya sifuri haiwezi kuwemo katika jina la faili. Sisi wenye ng'ombe na ng'ambo hatuna ruhusa ya kulipuuza jambo hili.

Sheli ni ya zamani. Ken Thompson aliingiza paipu katika Unix mwaka 1973, kwa wazo la Doug McIlroy. Sheli ya Stephen Bourne ikatoka 1979, na Bash ya Brian Fox 1989. Wapo wanaoiona kama kazi ya kuungaunga tu. Mimi naiheshimu kwa sababu humlazimisha fundi kuwaza mapema ni wapi kazi itakwama.

Fikiria kumbukumbu za wagonjwa. Mfumo wa OpenMRS, ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 katika kliniki za AMPATH, huziweka kwenye MySQL. Usiku mtu anaendesha mysqldump | gzip apate nakala ya akiba. Mysqldump ikianguka, gzip bado humaliza salama, na sheli huitazama amri ya mwisho peke yake: asubuhi kuna faili lenye jina zuri na ndani hamna kitu. Maneno matatu, set -o pipefail, hulitoa kosa hilo hadharani. Fundi mzuri haishii hapo. Huandika kwanza kwenye faili la muda ndani ya folda ileile, huamuru sync, kisha mv ndiyo hulipa jina lake rasmi. Umeme ukikatika katikati, nakala ya jana inabaki nzima.

Ndugu msomaji, kama una skripti ya akiba inayoendeshwa kila usiku, ikatize leo katikati ya kazi kwenye mashine ya majaribio, kisha ujaribu kurejesha data kutoka kwenye nakala iliyobaki.