Sauti ya Agnes Moorehead

Mtu achunguzaye kazi za waigizaji wa zamani wa Marekani kwa kutazama filamu peke yake atampunja Agnes Moorehead. Tarehe 25 Mei 1943, katika mfululizo wa redio uitwao Suspense, alicheza Sorry, Wrong Number, mchezo wa Lucille Fletcher: mwanamke mgonjwa, peke yake kitandani, asikia katika simu iliyoingiliana na nyingine watu wawili wakipanga kuua. Filamu ilipotolewa mwaka 1948 nafasi ile ilikuwa ya Barbara Stanwyck, akateuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Alicheza vema, ila filamu yajaza visa vya nyuma na nyuso nyingi, na ule upweke wapungua. Redioni hapana uso. Hofu yote imo katika pumzi ya Moorehead, tangu manung'uniko ya bibi aliyezoea kubembelezwa hata ukelele wa mwisho.

Mchezo huo aliurudia redioni mara kadhaa. Basi yafaa kuzilinganisha rekodi kwa tarehe zake, kama tulinganishavyo hati za utenzi mmoja. Ratiba za magazeti hazitoshi: zaeleza lililokusudiwa, siyo lililosikika. Usiku ule wa kwanza mwigizaji mwenzake alikosea wakati wa kuingia karibu na mwisho, kosa ambalo ratiba yo yote haiwezi kulionyesha.