Uhakiki wa Maelezo ya kT/C: Kelele za Joto katika Saketi za Kapasita na Swichi

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida kuhusu kelele za joto katika saketi hizi ni mafupi mno. Mwanafunzi huambiwa kwamba kapasita iliyo katika halijoto T hubeba wastani wa nishati wa ½kT, na kwa hiyo wastani wa mraba wa volti yake ni kT/C. Jibu ni sahihi. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba njia hiyo huficha chanzo cha kelele, na aliyefichwa chanzo huikosea hesabu inayofuata.

Kapasita kamilifu haipotezi nishati, hivyo haizalishi kelele. Usemi "kelele ya kapasita" uliozoeleka madarasani unapotosha. Kelele hutoka katika ukinzani wa swichi, kwa kanuni ileile ambayo Johnson aliipima na Nyquist akaieleza katika machapisho yao ya mwaka 1928. Kila hezi moja hubeba 4kTR, na upana wa masafa yanayopita ni 1/(4RC). Tukizidisha, R hujifuta. Kujifuta huko si kutokuwapo: swichi yenye ukinzani mdogo hutoa kelele chache kwa kila hezi, lakini huzipitisha katika masafa mapana zaidi. Swichi inapozimwa, thamani iliyokuwapo papo hapo hunaswa.

Chukua saketi ya kulimbikiza chaji yenye kapasita ya pikofaradi 1 katika kelvini 300. Fomula hutoa mikrovolti 64 hivi, na wengi huishia hapo. Lakini chaji inapohamishwa katika awamu ya pili, swichi za awamu hiyo nazo zina ukinzani; huongeza takriban kT/C nyingine isiyohusiana na ile ya kwanza. Hata tusipohesabu kelele za kikuzaji, jumla hufikia 2kT/C, yaani mikrovolti 91. Kurejea 64 kunadai kapasita maradufu, pamoja na eneo na mkondo wake. Anayeanza na ukinzani huiona awamu ya pili mara moja. Anayeanza na ½kT hana sababu ya kuitafuta.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi, kwani ½kT haisemi lolote kuhusu mgawanyo wa kelele katika masafa. Ili volti itulie, swichi huwashwa kwa muda ulio N mara ya RC, tuseme nusu ya kipindi cha saa ya saketi. Kelele zote zilizo juu ya nusu ya masafa ya kuchukulia sampuli hukunjwa na kurudi chini yake. Jumla hubaki kT/C, ila imebanwa katika ukanda mwembamba, na kiasi kwa kila hezi huwa 2kT/(C·fs), yaani N mara ya 4kTR. Kwa N = 7, ambapo kosa la kutotulia hushuka chini ya 0.1%, kelele katika masafa ya chini huwa mara saba ya zile ambazo ukinzani huohuo ungetoa bila kuchukuliwa sampuli.