Ua wa Wasomi

Waingereza walizoea kujenga vyuo vyao kuuzunguka ua. Ule wa Chuo cha Merton, Oxford, uitwao Mob Quad, ulikamilika karne ya 14: majengo pande nne, nyasi katikati, na lango la chuo likifungwa usiku. Sisi wa Upanga hatuhitaji kuelezwa ua ni nini. Jirani zetu wa Kariakoo wanao nyuma ya kila nyumba ya Kiswahili. Humo hupikwa, hufuliwa na kusuluhishwa ugomvi wa wapangaji.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, ubavuni mwa Kariakoo hiyo. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Waliochora Mlimani hawakuiga ua wa Oxford, nami nawasifu: joto la pwani hutaka upepo upite. Lakini ukuta walioukataa ulijengwa na umbali. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana mjini kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Sisemi mlima ndio uliowatuma. Nasema aliyesomea Lumumba alipita sokoni kila siku, akaijua bei ya unga.

Nimefundisha walimu miaka mingi, na naamini majengo nayo hufundisha. Wanaochora vyuo vipya wautazame ua wa Kariakoo: una faragha yake, lakini mlango wa uani jirani huupita bila kubisha sana.