Wakuu Wanne wa Ilmorog: Nani Anajua Nini?

Mpe mwanafunzi wa fasihi riwaya yoyote aihakiki, jambo la kwanza atakalolitafuta ni mhusika mkuu. Akishampata, mambo yamekwisha: wengine wote anawapanga chini yake, wasaidizi hapa, wajenzi pale, halafu anakimbilia dhamira. Utaratibu huu unatosha kwa Rosa Mistika (1971), maana hata jina la kitabu limeshatuambia tumfuate nani. Lakini ukiupeleka kwenye Petals of Blood (1977) ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, unakwama mlangoni. Pale wakuu ni wanne: Munira mwalimu, Abdulla mwenye duka, Wanja, na Karega. Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba mkuu ni Karega, eti kwa kuwa ndiye mwenye msimamo wa kitabaka. Huko sio kuhakiki jamani, ni kumpigia kura mtu tunayekubaliana naye.

Hoja ya makala haya ni kwamba ukuu wa mhusika katika riwaya ya namna hii haupimwi kwa idadi ya kurasa wala kwa usahihi wa mawazo yake. Unapimwa kwa siri. Mwandishi akitaka wakuu wengi, kila mmoja ampe kipande cha kisa ambacho mwenzake anakihitaji bila mwenyewe kujua.

Tuangalie Ngũgĩ alivyofanya. Riwaya inafunguka kwa kukamatwa watu. Mabwana watatu wa kiwanda cha pombe ya Theng'eta, yaani Chui, Kimeria na Mzigo, wameteketea kwa moto. Munira, Abdulla na Karega wanachukuliwa na polisi, na Wanja yuko hospitali. Kisha tunarudishwa nyuma miaka kumi na miwili, Munira anaingia Ilmorog na baiskeli yake. Kwa muda mrefu hawa wanne ni majirani tu. Wanakunywa pamoja, wanasafiri pamoja kwenda Nairobi wakati wa ukame, na hakuna anayejua mwenzake katoka wapi.

Halafu unakuja usiku wa kunywa theng'eta, na mambo yanafumuka. Karega anasimulia mapenzi yake na Mukami, msichana aliyejiua. Na Munira amekaa pale pale akisikiliza, naye ndiye kaka yake Mukami. Abdulla anamtaja Nding'uri, mwenzake wa wakati wa Mau Mau aliyesalitiwa na Kimeria akanyongwa; kumbe Nding'uri ni ndugu yake Karega. Na Kimeria huyo huyo ndiye aliyemharibia Wanja maisha akiwa bado msichana wa shule. Wote walikuwa wamekaa juu ya mkeka mmoja wa madeni, ila kila mtu akiona ukingo wake tu.

Hapa msomaji ana haki ya kunung'unika: Kenya nzima hakuna mkosaji mwingine ila Kimeria? Mimi naona mwandishi amebahatisha kidogo. Anaweza kujitetea kwamba tabaka lenyewe ni la watu wachache wanaojitokeza kila mahali, na utetezi huo una nguvu, lakini haufuti wasiwasi wote.

Pale alipofaulu kweli ni kwenye kalamu. Sehemu kubwa ya kisa inapita katika maandishi ya Munira akiwa rumande, mtu mwenye wivu, aliyeokoka kwa namna ya kutisha, na ambaye ndiye aliyewasha ule moto. Ngũgĩ amempa kalamu yule asiyefaa kuaminiwa kuliko wote! Ndiyo maana tunalazimika kuwasikiliza na wengine watatu, pamoja na ile sauti ya "sisi" ya wanakijiji. Usiku wa moto Wanja amekwisha kumpiga Kimeria kwa panga, Abdulla yuko njiani na nia ya kumuua huyo huyo, na Munira amebeba petroli. Watatu, nyumba moja, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Karega je? Anaporudi Ilmorog akiwa mtu wa chama cha wafanyakazi, hana tena anachokificha wala anachokitafuta. Anahutubia. Mawazo yake tunaweza kuyaunga mkono yote, na mimi nayaunga mkono mengi, lakini kama mhusika amelala. Abdulla na mguu wake mmoja anatushika hadi mwisho.

Kipimo hiki tukilete kwenye Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, ambayo kwa kawaida tunaambiwa ni ya Maimuna. Maimuna anapotoroka kwao anadhani anafuata uhuru wake. Bi Farashuu anayemsaidia anajua kisa kingine kabisa, cha bintiye Mwanasururu na Bwana Maksuudi, na kwake yeye kutoroka huko ni malipo. Mlango mmoja, watu wawili, safari mbili. Katika kurasa zile bibi huyu ni mkuu sawasawa na Maimuna, nasi tumezoea kumtia katika orodha ya wadogo, mstari mmoja: mkunga, mzee, mwenye kisasi.