Sanamu ya Durga na Namna ya Kuipima

Katika mafundisho yetu habari za dini ya Wahindu aghalabu hukatwa kwa neno moja, ya kuwa wao huabudu sanamu, basi. Mwanafunzi akiuliza sanamu hizo hufanywaje, hukaa muda gani, na mwisho wake huwa nini, mwalimu hana la kujibu. Lakini asiyeyajua mambo hayo matatu hawezi kupima kazi ya mikono ya mtu, sembuse ibada ya watu wengi. Kwa hiyo nataka kuipima hapa sanamu moja, ya mungu wa kike aitwaye Durga, kama ifanywavyo Bengal, mashariki ya Bara Hindi, na hasa katika mji wa Kolkata, ambao zamani uliandikwa Calcutta.

Kwanza yafaa tutofautishe. Wahindu wengi tunaokaa nao Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam asili yao ni Gujarat na Kachchh. Hao katika siku tisa za Navaratri, mwezi wa Septemba au Oktoba, humheshimu mungu wa kike kwa kucheza garba, wakikizunguka chungu cha udongo chenye taa ndani. Watu wa Bengal huadhimisha majira hayo hayo, walakini shughuli yao kubwa ni sanamu, na siku zao kuu ni ya sita hata ya kumi.

Hadithi yenyewe imo katika kitabu cha kale kiitwacho Devi Mahatmya. Zimwi Mahishasura, mwenye umbo la nyati, aliwashinda miungu. Nao wakakusanya nguvu zao pamoja, akatokea Durga, na kila mmoja akampa silaha yake. Ndiyo maana sanamu ina mikono kumi, imempanda simba, na mkuki wake umemchoma zimwi. Lakini watu wa Bengal wameongeza jambo lao. Kando yake husimama Lakshmi, Saraswati, Ganesh na Kartik, nao husema kwamba hawa ni watoto wake, na ya kuwa Durga ni binti yao aliyeolewa mbali na Shiva katika mlima Kailash, amekuja kwa wazazi wake kwa siku chache. Sisi tungesema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi fundi ana kazi ngumu. Katika udongo mmoja aonyeshe vita, na aonyeshe pia binti aliyerudi kwao. Mafundi wa zamani walilitatua fumbo hilo kwa uso: waliufanya mfano wa jani la tambuu, macho marefu kuelekea masikioni, mtulivu kabisa, hali mkono unaua. Tena waliweka watu wote mbele ya ubao mmoja wa mviringo, wakaonekana kuwa jamaa ya nyumba moja. Katika miaka ya 1930 fundi Gopeshwar Pal aliwatenga, kila mmoja akasimama peke yake, na miili ikafanana zaidi na miili ya wanadamu. Ustadi uliongezeka, sikatai. Lakini kwa maoni yangu kitu kilipungua. Sanamu za namna mpya hutukumbusha mchezo wa kuigiza. Zile za kale hutukumbusha watu waliokaa kwao.

Sasa tutazame zinavyofanywa. Mtaa wa wafinyanzi huitwa Kumartuli, kaskazini ya Kolkata, karibu na mto Hooghly. Fundi huunda kiunzi cha mianzi, akafunga mabua ya mpunga mpaka umbo la mwili litokee, kisha akapaka udongo wa mto, tabaka juu ya tabaka. Macho, kwa desturi, huchorwa mwisho. Hata hapo kazi haijawa kitu cha kuabudiwa. Kuhani ndiye humwalika mungu kwa maneno ya ibada, na mbele ya sanamu huwekwa chungu cha maji, ambacho katika ibada hakikosekani.

Siku ya kumi mambo hayo hugeuzwa. Kuhani humuaga mungu, na kivuli cha sanamu kilichomo katika kioo huzamishwa majini. Wanawake walioolewa huilisha sanamu vitu vitamu, huipaka unga mwekundu ulio alama ya ndoa, kisha hupakana wao kwa wao, kama wamsindikizavyo binti anayerudi kwa mumewe. Ndipo sanamu huchukuliwa mtoni na kutoswa. Kwa itikadi yao wenyewe, kinachozama ni udongo, maana mgeni amekwisha kwenda. Basi neno letu ‘sanamu’ halitoshi. Kwa Kiswahili ningependa kuiita maskani ya mgeni. Mwalimu anayependa kuipinga imani hiyo ana haki yake, lakini aipinge kama ilivyo.

Nikitumia kipimo hicho hicho, nina neno pia kwa wenyeji wa sikukuu. Zamani ilikuwa ya nyumba za matajiri. Nabakrishna Deb aliifanya kwa fahari katika jumba lake la Shobhabazar mwaka 1757. Baadaye rafiki kumi na wawili wa Guptipara walichanga fedha wakaifanya kwa shirika, na sikukuu ya namna hiyo ikaitwa baroyari, yaani ya rafiki kumi na wawili. Karne ya 20 ikaleta ile iitwayo sarbojanin, ya watu wote. Kila mtaa sasa hujenga banda lake la mianzi na vitambaa, na tangu 1985, kampuni moja ya rangi ilipoanzisha tuzo, mabanda yamekuwa yakishindania zawadi.

Mashindano yamezaa kazi bora. Mwaka 2020 chama cha Barisha, mtaani Behala, kilionyesha Durga kwa mfano wa mama maskini mwenye mtoto mkononi, kuwakumbuka vibarua waliorudi makwao kwa miguu wakati wa maradhi ya korona; fundi wake alikuwa Pallab Bhaumik. Huko ni kuifahamu hadithi barabara, maana naye Durga ni mwanamke aliye njiani kwenda kwao. Lakini tuzo huvuta jicho mbali na mto. Baadhi ya sanamu zilizosifiwa huhifadhiwa katika jumba kando ya ziwa la Rabindra Sarobar, nazo huko ni kama nyumba ya arusi baada ya ngoma kwisha. Mapambo ya plastiki na rangi zenye risasi hayayeyuki kama udongo; huuchafua mto, na hata winchi hutumika kuviopoa viunzi. Sanamu isiyoweza kuondoka vizuri ina kasoro katika sanaa yake, hata ikipewa zawadi ya kwanza.

Mwezi wa Desemba 2021 shirika la UNESCO liliandika sikukuu ya Kolkata katika orodha ya urithi usioshikika. Walioandika hivyo walifahamu vema, maana kinachorithiwa pale ni kazi ya mikono inayoanza upya kila mwaka, kwa udongo ule ule wa mto.